Vitu vya Kujengea: Tabia Zake na Matumizi Yake katika Nchi ya Tabora

Katika siku za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila 2, yaani kilo 32 hivi, akatembea nao kutoka Bagamoyo hata Tabora, mwendo wa miezi 3 au zaidi. Kila frasila ilikuwa na ujira wake. Kwa hiyo mizigo iliyopanda bara ilikuwa nguo, ushanga, waya, bunduki na baruti, na iliyoshuka pwani ilikuwa pembe za ndovu. Hapakuwa na tajiri aliyeweza kuwalipa wapagazi wamchukulie chokaa na mawe ya matumbawe, ambayo ndiyo watu wa pwani waliyojengea nyumba zao. Mtu aliyetaka kujenga Unyanyembe alijenga kwa vitu alivyovikuta chini ya miguu yake na mbele ya macho yake: udongo, miti na nyasi.

Siku hizi mambo ni mengine. Mfuko mmoja wa saruji una uzito wa kilo 50, ambao ungalimshinda mpagazi yule hodari. Mifuko 60, ambayo kijiji chaweza kuinunua kwa kazi ya shule yao, ni kilo 3,000. Kwa desturi ya zamani ingalitaka wapagazi 94. Leo huja kwa gari siku moja. Njia imekuwa rahisi, lakini maarifa ya kutumia vitu hivi hayafungwi ndani ya mfuko. Mara nyingi twaona nyumba iliyojengwa kwa gharama kubwa imepasuka kabla ya miaka 5, na jirani yake nyumba ya udongo ya mzee imesimama. Sababu si bahati. Kila kitu cha kujengea kina nguvu yake na kina adui wake, na mwenye kujenga yampasa ayajue yote mawili. Habari hii imeandikwa kwa ajili ya walimu, wazee wa vijiji, watu wa kamati za shule, na kila mtu anayetaka kujenga nyumba ya kudumu.

Nguvu ya kubanwa na nguvu ya kuvutwa

Kwanza yafaa tufahamu jambo moja ambalo ndilo msingi wa elimu yote ya ujenzi. Kitu chaweza kubanwa, kama nguzo ibanwavyo na paa. Au chaweza kuvutwa, kama kamba ya kisima ivutwavyo na ndoo. Au chaweza kupindwa, kama boriti ipindwavyo na mzigo ulio juu yake.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kipande cha chaki. Kisimamishe juu ya meza, ukikandamize kwa kidole: hakivunjiki upesi. Kisha kilaze juu ya vitabu viwili, ukikandamize katikati: huvunjika mara moja. Ukitazama vema utaona kwamba ufa huanzia upande wa chini. Maana kitu kinapopindwa, upande wake wa juu hubanwa, na upande wake wa chini huvutwa. Chaki ina nguvu ya kubanwa, lakini haina nguvu ya kuvutwa.

Udongo, mawe, matofali na zege vyote ni ndugu za chaki. Nguvu ya zege ya kuvutwa ni kama sehemu 1 tu katika 10 za nguvu yake ya kubanwa. Ama mti, chuma na kamba vina nguvu ya kuvutwa. Basi ukuta na msingi, ambavyo hubanwa tu, vyaweza kufanywa kwa udongo, mawe au matofali. Lakini kitu kinachovuka nafasi tupu, kama kizingiti cha juu ya mlango au boriti ya paa, hapana budi kiwe cha mti au kiwe na chuma ndani yake. Mtu akilisahau jambo hili, hata saruji nyingi haitamwokoa.

Udongo

Nyumba ya tembe ilikuwa na kuta nene za udongo na miti, zimezunguka ua, na paa lake lilikuwa bapa: boriti, juu yake fito na matawi, na juu kabisa udongo ulioshindiliwa. Nyumba ya namna hii ndiyo waliyokaa Stanley na Livingstone huko Kwihara, karibu na Tabora, walipofika kutoka Ujiji mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi kwenda pwani, na Livingstone alikaa hata mwezi wa Agosti mwaka ule ule akingoja wapagazi. Mahali pale sasa pana makumbusho, na mwalimu anayekaa karibu afanya vema kuwapeleka watoto wapaone.

Faida ya ukuta nene wa udongo ni kwamba joto hupita ndani yake polepole. Jua la mwezi wa Oktoba hupiga ukuta mchana kutwa, lakini kabla joto halijafika ndani usiku umekwisha kuingia, na ukuta huanza kupoa. Ndiyo sababu ndani ya tembe mlikuwa baridi mchana.

Lakini paa la udongo lilikuwa na hatari. Tufanye hesabu. Udongo ulioshindiliwa una uzito wa kilo 1,600 hivi kwa mita moja ya ujazo. Ukitandazwa kwa unene wa sentimita 15, kila mita moja ya mraba hubeba kilo 240. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mita 12 za mraba. Basi juu ya vichwa vya waliolala palikuwa na kilo 2,880, karibu tani 3, na wakati wa masika zaidi, kwa kuwa udongo hunywa maji. Mzigo huo wote ulichukuliwa na boriti chache. Mchwa wakizila boriti zile, dari ilishuka pamoja na tani zake. Ubaya haukuwa katika udongo, bali katika kuuweka mahali palipouzidi mti nguvu.

Si kila udongo wafaa kwa kujengea. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Usijenge kwa huo, wala usijenge juu yake pasipo msingi wa kina. Udongo wa shambani wenye mizizi na samadi haufai pia. Udongo wa kichuguu wasifiwa sana, maana mchwa wenyewe wamekwisha kuuchagua na kuushikamanisha.

Njia ya kuupima udongo ni nyepesi. Chukua chupa nyeupe yenye mdomo mpana, itie udongo theluthi moja, uijaze maji, uitikise sana, kisha uiweke chini bila kuigusa. Mchanga huzama katika dakika ya kwanza. Baadaye vumbi laini. Na mwisho udongo mfinyanzi, ambao huchukua saa nyingi. Kesho yake utaona matabaka. Kwa matofali mabichi yafaa mchanga uwe zaidi ya nusu, na udongo mfinyanzi uwe kama sehemu 1 katika 5. Ukizidi mfinyanzi, tofali hupasuka likikauka. Ukizidi mchanga, tofali humomonyoka mkononi.

Adui mkubwa wa udongo ni maji, hasa maji ya chini. Mvua ya Tabora ni milimita 900 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la mita 60 za mraba humwaga lita 54,000 kila mwaka, na pasipo mfereji wa bati maji hayo yote huanguka penye miguu ya kuta. Bandu bandu huisha gogo. Ukuta wa udongo hauanguki kwa sababu ya mvua iliyouchapa usoni, bali kwa sababu ya miguu yake kuliwa kila mwaka kidogo kidogo, hata siku moja husimama juu ya sehemu nyembamba isiyouweza uzito wake. Dawa yake ni tatu: msingi wa mawe au matofali ya kuchoma unaopanda sentimita 30 juu ya ardhi, upenu mpana, na mtaro wa kuyaondoa maji.

Matofali ya kuchoma

Tofali bichi likiingia katika moto mkali hugeuka tabia. Halirudi tena kuwa udongo, hata likilala majini. Lakini halina budi liive sawasawa. Hapa twaweza kulijaribu kwa njia tatu. Kwanza, ligonganishe na jingine: lililoiva hulia kama chungu kizima, na lisiloiva hutoa sauti nzito kama ya ubao. Pili, likwaruze kwa msumari: lililoiva halichimbiki. Tatu, lipime, ulitie majini siku nzima, ulipime tena: likiwa limenywa maji zaidi ya sehemu 1 katika 5 ya uzito wake, halifai kwa msingi wala kwa ukuta wa nje.

Matofali yaliyokuwa pembezoni mwa tanuri mara nyingi hayaivi. Yasitupwe, lakini yatumiwe katika kuta za ndani zisizochukua mzigo. Tena tukumbuke kwamba tanuri hula kuni nyingi, na kuni zile ndizo miti ya miombo, wanamotundika watu mizinga ya nyuki na wanamopata boriti. Kijiji kinachochoma matofali kila mwaka pasipo kupanda miti kinauza paa lake ili kununua ukuta. Funika tanuri vizuri kwa udongo ili joto lisipotee, kausha matofali kabisa kabla ya kuyachoma, na kuni zitapungua.

Chokaa na saruji

Chokaa hutoka katika mawe ya chokaa au matumbawe yaliyochomwa kwa moto wa kadiri ya digrii 900. Hushika polepole, maana hukazwa na hewa yenyewe inayoingia ndani yake. Katika miji ya pwani, kama Bagamoyo, nyumba za kale zilijengwa kwa chokaa, na nyingi zimesimama miaka zaidi ya 100. Chokaa ni laini kuliko saruji, na kwa hiyo hukubaliana na ukuta wa matofali laini.

Saruji iliyo kawaida siku hizi, ambayo huitwa Portland, ilianza kwa Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliyepewa hati yake mwaka 1824. Hufanywa kwa mawe ya chokaa na udongo mfinyanzi, vikachomwa pamoja kwa moto wa kadiri ya digrii 1,450, kisha vikasagwa. Kiwanda cha Wazo, karibu na Dar es Salaam, kilianza kuitengeneza mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ya nchi hii ililetwa kutoka nje.

Watu wengi husema, “Saruji imekauka.” Neno hili limeharibu nyumba nyingi. Saruji haikazwi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ikikauka upesi katika jua la kiangazi kabla ya kuungana nayo, hubaki dhaifu, na utaweza kuikwangua kwa ukucha. Kwa hiyo zege likisha mwagwa lifunikwe kwa majani au magunia, limwagiwe maji asubuhi na jioni muda wa siku 7 kwa uchache. Nguvu yake huhesabiwa baada ya siku 28.

Lakini wakati wa kulichanganya, maji yasizidi. Vibarua hupenda zege jepesi kama uji, maana halichoshi mikono. Maji yaliyozidi hutoka baadaye na kuacha matundu madogo madogo ndani yake, na kila tundu ni nguvu iliyopotea. Kwa msingi changanya saruji karai 1, mchanga 3 na kokoto 6. Kwa zege lenye chuma, saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Lililochanganywa litumiwe katika saa moja. Likianza kushika usiliongeze maji ulirudishe.

Mchanga nao utazamwe. Usugue mkononi: ukiacha matope katika kiganja, uoshwe au uachwe. Mchanga wa mtoni, mkavu na wenye chembe za ukali, ndio ufaao. Mifuko ya saruji isilazwe sakafuni wala isiegemee ukuta. Ilazwe juu ya mbao. Mfuko wenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole umekwisha kunywa unyevu, nao haufai kwa kazi ya nguvu.

Chuma

Nondo huwekwa ndani ya zege ili kulipa zege ile nguvu ya kuvutwa ambayo halina. Vitu hivi viwili vinapatana ajabu, kwa kuwa vikipata joto hurefuka karibu sawasawa, vingalitofautiana, vingaliachana. Lakini mtu akiikumbuka chaki atajua mahali pa kuiweka nondo: upande wa chini wa kizingiti cha mlango, palipo na mvuto. Mara nyingi huwekwa katikati au juu, na hapo haifanyi kazi. Wala isionekane nje. Izungukwe na zege la unene wa sentimita 2 na nusu kwa uchache. Adui wa chuma ni kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, ikalipasua zege kwa ndani.

Faida ya kuzifunga kuta kwa mshipi wa zege lenye nondo, unaozunguka nyumba yote juu ya milango, ilionekana kwa huzuni tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipotokea Kagera. Watu zaidi ya 10 walikufa, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Ardhi ikitikisika huvuta ukuta huku na huku, na tofali haliwezi kuvutwa. Nchi zetu za magharibi zi karibu na bonde kuu la ufa, palipo Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo fundisho hili ni letu pia.

Miti na mchwa

Mti ni kitu bora, maana hubanwa na huvutwa, na tena ni mwepesi. Katika miombo, mninga wasifiwa na maseremala kwa kuwa ukikauka hausinyai sana, na moyo wake si chakula chepesi cha mchwa. Lakini ule mti mweupe wa nje, chini ya gome, huliwa. Kwa hiyo usitazame jina la mti tu, bali utazame ni sehemu gani ya mti uliyouziwa. Mbao zikaushwe kivulini, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Mbao mbichi zikipigiliwa hupindika na kuvuta misumari.

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, waliweka mataruma ya chuma, maana mataruma ya mti yangaliliwa na mchwa. Sisi hatuwezi kujenga kila kitu kwa chuma, lakini twaweza kumnyima mchwa njia. Mchwa hutoka ardhini, hupanda kwa vijia vya udongo, wala hapendi mwanga. Nguzo isizikwe ardhini. Isimamishwe juu ya jiwe au zege lililoinuka. Miguu ya kuta isafishwe isiwe na majani wala kuni, ili vijia vionekane, na vikionekana vibomolewe siku ile ile.

Paa

Nyasi hupoza nyumba, lakini zataka mwinamo mkali, digrii 45 au zaidi, na moto ni adui yake. Bati halitaki mwinamo mkubwa, wala haliungui, nalo hukusanya maji safi ya mvua. Uzito wake ni kilo 3 hivi tu kwa mita moja ya mraba. Chumba kile cha tembe kilichobeba karibu tani 3, chini ya bati chabeba kilo 36 pamoja na miti yake michache. Hapa ndipo watu wanapokosea: paa la udongo lilitishia kuanguka, bali paa la bati latishia kuruka. Upepo ukipita juu yake huliinua. Kwa hiyo kenchi zisiwekwe juu ya ukuta tu. Zifungwe kwa waya au vipande vya chuma vilivyojengewa ndani ya ukuta, kozi 4 au 5 kwenda chini, ili paa likitaka kuruka lilazimike kuinua ukuta pamoja nalo.

Kugawa fedha ya kujengea

Kamati ya kijiji ikiwa na mifuko michache ya saruji, yatumike wapi? Mara nyingi hutumika katika lipu ya mbele, kwa kuwa hiyo huonekana na wageni. Huo si utaratibu mwema. Kwanza msingi, maana hauwezi kurudiwa. Pili mshipi wa juu ya milango. Tatu sakafu. Lipu ni ya mwisho, na ikikosekana nyumba haitaanguka. Kuta zenyewe zaweza kujengwa kwa matofali na udongo mzuri uliochaguliwa kwa chupa ile tuliyoieleza, zikapigwa chokaa mwaka unaofuata.

Kisha kazi isiachwe mikononi mwa fundi peke yake. Mwalimu au mzee mmoja na achaguliwe kuhesabu makarai yanapochanganywa, kugonganisha matofali yanapoletwa, kutazama nondo kabla haijafunikwa, na kuona kwamba zege limemwagiwa maji siku zote 7. Kazi hiyo haina gharama. Kila mwaka kabla ya mvua za Novemba, nyumba izungukwe na kutazamwa: miguu ya kuta, mtaro, vijia vya mchwa, waya za paa, na nyufa. Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya shule neno hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ukuta ukianguka mchana, walio chini yake ni watoto wetu.